Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Kompyuta Inaponyamaza Darasani

Makala haya yanahusu jambo ambalo wakufunzi wenzetu wengi huliona kuwa dogo mno, lisilostahili nafasi katika jarida la mbinu za kufundishia. Nalo ni hili: kompyuta imewaka, picha inaonekana, kila kitu kinakwenda, ila sauti haitoki. Mwanachuo humwita mkufunzi, mkufunzi humwita fundi, na fundi huja wakati wa mapumziko akabonyeza mahali pamoja tu, sauti ikatoka. Watu hucheka, wakaendelea na shughuli zao, na wiki ya pili yake tatizo hurudi lile lile. Sisi tunadai kwamba katika kisa hiki mna somo kubwa, na kwamba namna tunavyolifundisha somo hilo vyuoni inawadhuru walimu wapya.

Hatusemi hayo kwa kubahatisha, kwani tumekwisha kumdhuru mmoja.

Katika muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika skuli moja ya kusini mwa Pemba. Somo lilikuwa la Kiswahili, zoezi la kusikiliza. Alikuwa amechagua hadithi iliyorekodiwa studioni, yenye msimulizi mmoja na muziki wa udi na fidla nyuma yake. Alikuja na kompyuta mpakato ya nyumbani kwao, pamoja na spika mbili ndogo za betri ambazo sisi wenyewe tulimwazima kutoka chuoni. Watoto walikuwa wamekaa wanne wanne katika madawati, madaftari wazi, kalamu mkononi. Akaanzisha rekodi. Muziki ukatoka safi kabisa, msimulizi hakusikika. Kwa kutega sikio sana ulisikia mwangwi tu, kama mtu asemaye ndani ya kisima. Mwanachuo akaongeza sauti, muziki ukapanda, watoto wakaziba masikio na kucheka. Akatugeukia akasema kwa unyonge, "Maalim, sauti ya msimulizi imefutika." Kisha akazima kompyuta, akawasimulia watoto hadithi ile kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kadiri alivyoikumbuka.

Sisi tuliandika katika daftari lake la mazoezi: "Zana hazikujaribiwa kabla ya somo." Tukamkata alama. Baada ya somo alitwambia kwamba usiku uliopita aliisikiliza rekodi hiyo nyumbani kwao tangu mwanzo hadi mwisho, na msimulizi alisikika vizuri. Hatukumsadiki, wala hatukumwuliza aliisikiliza kwa kutumia nini.

Yapata mwezi baadaye tulizitumia spika zile zile katika mhadhara wetu wenyewe, na msimulizi wetu naye akatoweka. Mwanachuo mmoja wa safu ya mbele, kijana mpenda kuchezea vitu, akaushika waya karibu na pini yake na kuukunja kidogo. Sauti ya msimulizi ikarejea. Alipouachia, ikapotea tena. Tulisimama mbele ya darasa zima tukiutazama waya ule, na kwa hakika hatukuwa na la kusema.

Maelezo yake ni haya, nasi tunayaandika kwa urefu kwa sababu hatujayakuta katika muhtasari wowote tuliowahi kuufundishia. Waya wa spika za namna hii una nyuzi tatu ndani yake: mmoja wa upande wa kushoto, mmoja wa upande wa kulia, na mmoja wa pamoja ambao umeme wa pande zote mbili hurudia. Uzi huu wa pamoja ukikatika, umeme wa kushoto haupati njia ya kurudi ila kwa kupitia upande wa kulia, na kinachosikika katika spika ni tofauti iliyopo baina ya pande mbili. Sasa, watengenezaji wa rekodi aghalabu humweka msimulizi katikati, yaani sauti yake huwa sawasawa kushoto na kulia. Ukiondoa kitu katika kingine kilicho sawa nacho, hubaki sifuri. Muziki, ambao ala zake zimetawanywa huku na huku, hubakia. Kwa hiyo waya mbovu uliweza kumfuta mtu na kuuacha muziki wake, na jambo hilo halikuwa la ajabu wala halikutokana na uzembe wa mwalimu. Nyumbani kwao mwanachuo alisikiliza kwa spika iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, isiyopita katika waya ule. Alisema kweli. Laiti tungeuliza swali moja tu, tungeijua hitilafu siku ile ile: iko katika waya au spika, wala haiko katika rekodi.

Swali hilo moja ndilo kiini cha makala haya.

Tazama daftari la mwanachuo ye yote anayesoma somo la kompyuta. Utakuta maana ya kadi ya sauti, maana ya maunzi na programu, na orodha ya matengenezo: angalia kama sauti imezimwa, angalia waya, zima kompyuta na uiwashe tena, weka draiva upya, mwone fundi. Orodha hiyo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba haimwambii mwanafunzi kwa nini hili linatangulia lile, na kila jambo ndani yake ni la kutenda, si la kujua. Mwanachuo hulikariri, hulijibu katika mtihani, akapata alama zake. Kisha siku ya somo hubonyeza hapa na pale kama mtu atafutaye ufunguo gizani, akibadilisha mambo matano kwa mara moja. Sauti ikitoka hajui ni lipi kati ya matano lililoiponya, na isipotoka amekwisha kuongeza hitilafu nyingine nne juu ya ile ya kwanza. Ama kuhusu kule kuzima na kuwasha, hatukukatai. Mara nyingi kunafaa, na mwalimu mwenye dakika arubaini za somo ana haki ya kukujaribu. Lakini kukifaa hakumwachii elimu yo yote, na hitilafu imelala tu.

Njia tunayoipendekeza huanzia katika safari ya sauti yenyewe. Sauti ya rekodi hutoka katika faili, huingia katika programu inayoicheza, hupita katika kiwango cha sauti cha programu hiyo na kiwango kikuu cha kompyuta, hupelekwa kwenye tokeo lililochaguliwa, ikafasiriwa na draiva na kugeuzwa kuwa umeme na kadi ya sauti, ikapita katika tundu, pini na waya, ikafika katika spika, na mwisho katika sikio. Mwanafunzi akiweza kuichora njia hii ubaoni pasipo kutazama daftari, amekwisha kupata nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni kujua mahali pa kuuliza.

Mtu wa Chake Chake ambaye mfereji wake umekauka asubuhi haanzi kwa kuchimba barabara. Kwanza humwuliza jirani kama kwake maji yanatoka. Jibu la jirani huigawa njia nzima mara mbili: kama yanatoka, tatizo liko nyumbani, kama hayatoki, liko mbele zaidi. Kompyuta nayo ina jirani wa namna hii. Katika mipangilio ya sauti ya Windows pana mstari mdogo ambao hupanda na kushuka wakati rekodi inapochezwa. Mstari ukicheza na hali sauti haisikiki, programu imekwisha kufanya kazi yake. Hitilafu iko mbele ya hapo, katika tokeo, tundu, waya au spika. Usipocheza, usihangaike na waya. Rudi nyuma kwenye faili, programu na viwango vyake. Kwa mtazamo mmoja tu umeikata kazi nusu kwa nusu. Kisha chukua hedifoni ambayo unaijua kuwa ni nzima, uichomeke katika tundu lile lile mahali pa spika. Ikisema, kompyuta ni nzima mpaka tunduni. Kila mara badilisha kitu kimoja tu, na kama hakikuleta tofauti kirudishe kama kilivyokuwa kabla hujashika kingine. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa wanachuo wetu, na pengine kwetu sisi pia, kwa sababu mkono wa mwenye haraka haupendi kurudisha.

Kwa njia hii tumeweza kuzifahamu hitilafu kadhaa ambazo hapa kwetu hujirudia. Iliyo ya kawaida kuliko zote huletwa na projekta. Waya wa HDMI huchukua picha na sauti pamoja, na mara nyingi ukichomekwa kompyuta huichukulia projekta kuwa ndiyo spika, ikaipelekea sauti yote. Projekta yenyewe ama haina spika, ama inayo lakini imefifishwa. Waya wa zamani wa VGA huchukua picha peke yake, na sauti hubakia katika kompyuta. Basi mwalimu aliyezoea waya wa zamani akipewa mpya, huona kompyuta yake "imeharibika" saa ile ile ilipounganishwa. Haikuharibika. Imetii, na dawa yake ni kuchagua tokeo jingine katika alama ya spika iliyo pembeni mwa kioo.

Bluetooth nayo ina vituko vyake. Usiku mmoja katika dakhalia mwanachuo alikuwa akiandaa somo, akaianzisha rekodi na asisikie kitu. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Mara mlango ukagongwa na mwenzake wa chumba cha pili, akiuliza ni nani anayesoma hadithi kwa ukelele ndani ya spika yake. Spika ile ilikuwa imeunganishwa na kompyuta hiyo siku ya sherehe, na hakuna aliyekumbuka kuitenganisha. Kompyuta nyingi wanazokuja nazo wanachuo ni za nyumbani; ndugu huziangalilia filamu, watoto huzichezea, wazee husikilizia kasida. Kila mmoja huacha mipangilio yake. Kwa sababu hiyo mwalimu anayetoka nyumbani na kompyuta ya familia hana budi kuuliza swali la kwanza kabla ya yote: ni nani aliyeitumia mwisho, na kwa jambo gani?

Kisha kuna bahari. Sisi ni watu wa kisiwa, na hewa ya kwetu ina chumvi na unyevu, zaidi katika miezi ya masika. Madini ya pini na tundu hushika kutu nyembamba isiyoonekana, na sauti huanza kukwaruza, au upande mmoja ukafa. Kuichomeka na kuichomoa pini mara kadhaa, vifaa vikiwa vimezimwa, huondoa kutu hiyo kwa muda. Kuifuta pini kwa pamba na spiriti safi ni bora zaidi. Tumeona watu wakipaka mafuta ya nazi, na wengine wakichokonoa kwa ncha ya kisu. Hao huharibu kabisa. Katika kompyuta kubwa za mezani hapana budi pia kutazama rangi, kwani tundu la kijani ndilo la spika, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine. Pini huingia katika yote matatu bila ya kukataa.

Na kuna mvumo ule mzito usiokoma, ambao walimu wengi huudhania kuwa ni ubovu wa rekodi. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ukipata njia ya kuvuja katika waya wa sauti utausikia mgeuko huo. Jaribio lake ni jepesi: chomoa chaja, kompyuta iende kwa betri. Mvumo ukikoma, chanzo chake ni njia ya umeme na uunganishaji wake na ardhi. Hapa tunatoa onyo: mwalimu asithubutu kukata pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa mvumo, wala asifungue kitu cho chote kinachochomekwa ukutani. Mipaka ya kazi yake ni waya mwembamba wa sauti na mipangilio. Hadi mwaka 2010, kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kufika kutoka Tanga, kisiwa hiki kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kukatika kwa umeme kulikuwa udhuru wa kila kitu. Sasa udhuru huo umepungua, na hitilafu ndogo ndogo zimebaki uchi.

Tungependa kugusia lugha kidogo, kwani nayo imetupotezea vipindi. Neno "kipaza sauti" hutumiwa na wengine kwa maikrofoni na wengine kwa spika. Mwanachuo akiambiwa akague kipaza sauti, nusu ya darasa huenda kwenye chombo cha kusemea na nusu kwenye chombo cha kusikilizia, na vyote viwili vimo katika ukurasa mmoja wa mipangilio. "Kinasa sauti" nalo ni chombo cha kurekodia kwa mmoja na maikrofoni kwa mwingine. Hatudai kwamba Kiswahili hakitoshi. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyo kwa Kiswahili, na walionyesha kuwa kazi hii inawezekana ikiwa watu watakaa chini na kukubaliana juu ya maneno. Mpaka tukubaliane, sisi tunasema darasani "spika" na "maikrofoni", maneno ambayo hata mtoto wa dukani anayafahamu, tukaacha ubishi kwa mikutano.

Wako watakaotujibu kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha, na ufundi una wenyewe. Hoja hii ina asili yake. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ingawa marufuku hiyo ilikwisha ondoka zamani, vizazi vya wakufunzi vilikua vikiiona mashine hii kuwa ni kitu cha watu wengine. Redio haikuwa hivyo. Vipindi vya Tucheze Tujifunze, vilivyotayarishwa chini ya mradi wa RISE katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto wadogo wa Unguja na Pemba, vilimtaka mtoto ajibu, aimbe na kucheza kwa kufuata sauti itokayo redioni. Redio iliponyamaza, mtu alitazama betri na waya wa angani, basi. Leo kazi ya redio ile imehamia katika kompyuta yenye viungo kumi ambapo redio ilikuwa na viwili, nasi tumewapa walimu kompyuta bila ya kuwafundisha hivyo vinane vilivyozidi.

Wengine watasema kompyuta ni moja na wanafunzi ni arubaini. Kwa somo hili moja inatosha, na kwa sehemu ya kwanza haihitajiki kabisa. Sisi huwasimamisha wanafunzi kumi kwa mstari, kila mmoja ameshika kadi ya kiungo kimoja: faili, programu, kiwango, tokeo, na kuendelea hadi sikio. Neno hunong'onwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa siri tumemwambia mmoja wao asilipitishe. Darasa lililobaki limtafute kwa kuuliza, "Wewe, neno limekufikia?" Wanaouliza mmoja baada ya mmoja huweza kutumia maswali tisa. Wakigundua kuanzia katikati, maswali manne hutosha daima. Hatuwaambii, huachwa walione wenyewe, na kelele inayotokea wakati huo tunaivumilia.

Katika mchezo huu mwenye kadi ya sikio huwa mtu wa kuchekwa, kwa sababu watoto huona sikio halina hitilafu. Hapo ndipo tunaposimama kidogo. Ikiwa wenzake wote wanasikia na mtoto mmoja hasikii, kiungo kilichokatika ni cha mwisho. Mwalimu aliyezoea kuifuata njia hadi mwisho wake atamsogeza mtoto huyo mbele, atamwambia mzazi ampeleke hospitali akapimwe. Asiyezoea atamwita mzito wa kufahamu, na mtoto atakaa na jina hilo mpaka atoke skuli.

Kuhusu mtihani, tumeacha kuuliza maana ya kadi ya sauti. Tunaweka kompyuta moja yenye hitilafu moja tuliyoipanda, na mwanachuo hupewa dakika ishirini na karatasi. Alama hazitolewi kwa kuiponya kompyuta. Hutolewa kwa kilichoandikwa karatasini: aliuliza nini, alitazamia nini, alipata nini, na kwa hiyo akaondoa sehemu gani ya njia. Aliyeshindwa kuiponya lakini akaandika kwa ukweli kwamba hitilafu iko baina ya tundu na spika, tunampa zaidi ya aliyebahatisha. Baadhi ya wenzetu hawakubaliani nasi katika hili, wakisema mwisho wa kazi ni sauti kutoka. Mjadala ungali unaendelea katika chumba cha wakufunzi.

Ama yule mwanachuo wetu, tulilitafuta jalada lake siku ile ile tuliyoukunja waya. Tuliandika barua kwa ofisi ya taaluma kueleza kosa letu, na alama zake zikarekebishwa. Yale maneno tuliyoyaandika kwa wino katika daftari lake hayakufutika. Sasa anafundisha kaskazini, upande wa Micheweni. Tulipokutana naye katika semina tulimweleza habari ya uzi wa pamoja, kwa urefu kama tulivyoueleza hapa. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba tangu somo lile hajapeleka rekodi darasani, huwasomea watoto mwenyewe. Tulimpelekea waya mpya kwa mkono wa mwalimu mwenzake. Hajatwambia kama ameutumia.